Mama wa Kasa Harudi

Hii nimeipokea kwa mtu, nami naipitisha kwako. Kama unalea mtoto, wako au wa mwenzako, isome mpaka mwisho kabla hujaituma kwingine.

Palikuwa na mwalimu wa darasa la awali aitwaye Orida. Alihamishiwa shule moja ya msingi huko Rungwe, milimani, ambako mvua hunyesha hata siku ambayo hakuna aliyeiomba na mtu akianika nguo huzianika kwa matumaini tu. Watoto wa huko waliujua mto, waliijua migomba, waliyajua mashamba ya chai. Bahari waliijua kwa jina. Mmoja alipoulizwa bahari ni nini, alijibu bila kusita kwamba ni mji, na mjomba wake anakaa huko.

Orida alisoma ualimu pwani. Akaamua kwamba kama watoto hawawezi kwenda baharini, basi bahari itawafuata darasani.

Aliwaomba wazazi maboksi, chupa tupu na vitenge vikuukuu vya rangi ya bluu. Watoto wakakata samaki wa maboksi, wakawatia rangi, wakawaning'iniza darini kwa uzi. Wakajaza chupa maji ya rangi na mafuta ya kula, wakazilaza na kuziyumbisha, wakaona mawimbi yanakwenda na kurudi. Siku nyingine Orida alileta yai na ndoo ya maji. Yai likazama. Akamimina chumvi, akakoroga, akamimina tena, na yai likapanda juu lenyewe. Darasa zima likapiga kelele. Mwalimu wa darasa la pili akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kasa, yule kobe wa baharini.

Kwenye kona moja Orida aliweka mchanga ndani ya boksi kubwa. Kona ya pili akatandika vitenge vya bluu, hiyo ndiyo bahari. Mtoto mmoja anakuwa mama kasa. Anatambaa kutoka baharini, anafukua mchanga, anataga mayai ya karatasi, anayafunika vizuri, kisha anarudi majini. Wengine wanajikunyata chini ya jamvi kama vitoto ndani ya mayai. Mwalimu akipiga makofi wanatoka, wanatambaa kuelekea baharini, huku kaa na ndege wakiwanyemelea njiani.

Siku ya kwanza ya mchezo huo, Lusajo, mtoto mwenye maswali mengi, aliuliza, "Mwalimu, mama yao yuko wapi?"

"Ameshaenda zake baharini," alisema Orida. "Kasa ndivyo alivyo. Akishafukia mayai anaondoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Harudi."

Ndipo sauti ndogo ikatoka karibu na dirisha. Ilikuwa ya Tulinagwe, mtoto wa kike aliyekuwa hasemi. Tangu Orida afike shuleni hapo hakuwa amewahi kumsikia akisema zaidi ya jina lake, tena kwa kunong'ona.

"Harudi kabisa?" aliuliza Tulinagwe.

"Harudi kabisa."

"Na watoto wanafika?"

"Baharini? Wengi wanapata shida njiani. Lakini wapo wanaofika."

Tulinagwe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu mzima aliyeelezwa bei ya kitu akaona inalipika.

Kuanzia siku hiyo hakutaka kuwa mnyama mwingine. Akipewa nafasi ya papa, anakataa. Akipewa ya pweza, anampa jirani. Yeye ni kitoto cha kasa, basi. Hata wenzake walipotoka kwenda kucheza nje, Orida alimkuta peke yake darasani, anatambaa kutoka kwenye jamvi mpaka kwenye kitenge. Akifika anasimama, anapangusa magoti, anarudi chini ya jamvi, anaanza tena.

Orida alifurahi kwanza, halafu akaingiwa na wasiwasi. Akamweleza Mwalimu Gwantwa, mwenzake aliyekaa shuleni hapo miaka mingi.

Gwantwa aliweka kikombe chake cha chai mezani. "Kumbe hujui?"

"Sijui nini?"

"Yule mtoto mama yake alifariki kabla tu hujahamia hapa, kwenye mvua kubwa. Aliugua siku chache. Wamemzika nyumbani kwao, nyuma ya nyumba. Sasa anakaa na bibi yake."

Orida akakaa. Akakumbuka maneno yake mwenyewe: harudi, harudi kabisa. Akaona kwamba kwa muda wote ule amekuwa akimchezesha yatima msiba wake mbele ya darasa, tena kwa makofi.

"Lakini halii," alisema. "Anatabasamu, Gwantwa. Anacheza kuliko wenzake wote."

"Mtoto akilia ndani kwa ndani utamwonaje? Badilisha huo mchezo, mwenzangu, kabla hujaulizwa."

Orida aliondoka hapo kichwa kimemvurugika. Mtoto aliyeumia hucheza hivi? Na kama hajaumia, mbona hasemi? Alitaka kumwita amuulize, akaogopa. Alitaka kwenda kwa bibi yake, akaona haya, ataanzia wapi? Mwisho akachagua njia iliyokuwa karibu.

Kesho yake aliwakusanya watoto mkekani, akasema, "Siku ya kwanza ya mchezo huu nilikosea. Mama kasa anarudi. Vitoto vikianza kupasua mayai, mama anasikia, anatoka baharini, anakuja kuwafukulia mchanga na kuwaongoza mpaka majini."

Watoto wakashangilia. Lusajo akaruka juu. Tulinagwe peke yake ndiye aliyebaki amekaa.

"Ulisema harudi kabisa," alisema.

"Nilikosea, mwanangu. Anarudi."

Mtoto alimtazama muda mrefu. Orida akageuza uso, akajifanya anapanga chupa.

Siku hiyohiyo, bila taarifa, Afisa Elimu Kata alipita kukagua. Alikuta mama kasa anarudi mbio na vitoto vinamkumbatia, akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia Mwalimu Mkuu Mwaisumo, "Huyu mwalimu ana kipaji. Nitawaleta walimu wa awali wa kata nzima waje waone somo hili. Hili la mama kurudi msiliache, linagusa moyo."

Mwalimu Mkuu alitembea siku nzima akiwa amenyoosha mgongo. Orida alipongezwa na kila mtu, na kila pongezi ilimwingia kama jiwe kwenye kiatu.

Maana Tulinagwe alikuwa amebadilika. Aliacha kucheza. Uji ulipogawiwa alishika kikombe mpaka ukapoa. Akiitwa jina, alishtuka kama aliyeamshwa. Baadaye akaanza kuja akisinzia, mikono imechafuka. Kisha hakuja kabisa.

Orida hakuelewa. Alikuwa ameondoa kile kilichomuumiza mtoto. Amemrudishia mama, walau ndani ya mchezo. Kwa nini basi mtoto anazidi kuzama?

Jibu lilikuja asubuhi moja kwa miguu yake lenyewe. Bibi Sekela, bibi yake Tulinagwe, aliingia shuleni amejifunga kitenge kifuani, amemshika mjukuu wake kiganja. Hakusalimia. Alimpeleka mtoto moja kwa moja mpaka alipokuwa Orida, akaunyanyua mkono wake mdogo.

"Mwalimu, tazama kucha hizi."

Zilikuwa zimejaa udongo mweusi. Kidole kimoja kilikuwa kimechanika.

"Shikamoo, bibi. Ameanguka?"

"Hajaanguka. Anafukua kaburi la mama yake."

Orida aliushika ule mkono mdogo, akaugeuza taratibu.

"Nilidhani ni mbwa," aliendelea bibi. "Kila asubuhi nakuta udongo umetolewa pembeni, narudishia. Jana nikamfumania. Nikamuuliza, Tulinagwe unafanya nini? Ananiambia anamfungulia mama njia, mchanga umemwelemea, ndiyo maana anachelewa. Nikamuuliza nani kakwambia mama anarudi? Akasema mwalimu." Akasogea karibu. "Sasa nimekuja kuuliza. Mjukuu wangu mmemfundisha nini hapa?"

Orida akamwomba Gwantwa amchukue mtoto akamsafishe mikono. Yeye akamkalisha bibi kwenye kiti kidogo cha watoto, maana hapakuwa na kingine, naye akakaa chini.

"Bibi, nisamehe. Niliambiwa kwamba amefiwa. Nikaona mchezo wetu unamuumiza. Nikaubadilisha ili nimfariji. Nilidhani labda hata nyumbani hamjamwambia."

"Hatujamwambia?" Bibi alimshangaa. "Mimi mwenyewe nilimwambia, siku ileile. Nilimweka miguuni nikamwambia mama amekufa, amelala pale, harudi. Nilimwambia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumdanganya leo halafu nimwambie kesho."

"Na alilia?"

"Hata tone. Alifunga mdomo. Hali, hasemi, anatazama ukuta. Nikafikiri labda nilikosea, labda ningemwambia mama kasafiri kama wanavyofanya wengine. Nilikaa na hilo moyoni hata mimi nikakosa usingizi." Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Mpaka siku moja akarudi kutoka shule anaongea. Anaongea, mwalimu! Ananiambia, 'Bibi, hata mama yao Kasa harudi. Hakuwakasirikia. Ndivyo alivyo tu. Na watoto wanafika.' Mimi huyo Kasa simjui. Nilidhani ni mama fulani wa hapo mjini aliyeacha watoto. Nikasema sawa mjukuu wangu, Mungu awasaidie. Siku hiyo alimaliza sahani yake akaomba nyingine."

Orida alikaa na maneno hayo. Hakuwakasirikia. Yeye hakuwahi kufundisha hivyo. Mtoto ndiye aliyeliona. Kumbe muda wote ule alipokuwa akitambaa peke yake kwenye sakafu, hakuwa anajiumiza. Alikuwa anajifunza kufika. Naye mwalimu, kwa huruma yake, alikwenda akamng'oa mahali pekee alipokuwa amepata pa kukanyaga.

"Bibi," alisema, "mlete kesho. Nitalisahihisha mbele yake."

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya wageni.

Mwalimu Mkuu Mwaisumo aliposikia, alifunga mlango wa ofisi. "Orida, nakuelewa. Lakini nakuomba. Afisa amewaambia watu wote waje kuona mama kasa akirudi. Fundisha hivyo kesho. Wageni wakiondoka, wiki ijayo, utasahihisha taratibu mkiwa wenyewe. Mtoto wa miaka mitano atajua tofauti gani?"

Orida alifungua mlango. Alitoka humo amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Wiki moja si kitu. Tena nani alimhakikishia kwamba ukweli sasa hautamvunja mtoto mara ya pili? Alikwishamharibia kwa nia njema. Angeweza kumharibia tena kwa nia njema hiyohiyo.

Siku ilipofika, walimu wageni walijaa nyuma ya darasa, wengine wamesimama. Afisa Elimu Kata alikaa mbele. Tulinagwe alikuwa pale pale karibu na dirisha, kidole chake kimefungwa kitambaa, na bibi yake anachungulia mlangoni.

Watoto wakaanza kujipanga kwa mchezo. Lusajo, aliyekuwa mama kasa siku hiyo, akataga mayai yake, akayafunika, akatambaa kurudi kwenye kitenge. Makofi yakapigwa. Vitoto vikatoka chini ya jamvi. Lusajo akainuka ili arudi mbio kuwapokea.

"Lusajo, ngoja," alisema Orida. "Kaa hapohapo baharini."

Mtoto akasimama, hajui aende au abaki.

Orida alipiga magoti katikati ya darasa. "Watoto, mwalimu aliwaambia jambo ambalo si kweli. Niliwaambia mama kasa anarudi. Harudi. Nililosema siku ya kwanza ndiyo kweli."

Kule nyuma minong'ono ilianza. Afisa akakunja uso.

"Sasa kwa nini ulisema anarudi?" aliuliza Lusajo, amekasirika kweli, maana alikuwa amejiandaa kurudi.

"Niliogopa kwamba mtu atahuzunika."

"Nani?"

Orida hakumtazama Tulinagwe. "Labda mimi," alisema.

Ndipo Tulinagwe alipoinuka. Kila mtu alidhani atakwenda kwa mwalimu, au atamkimbilia bibi yake. Hakufanya hivyo. Alikwenda mpaka kwenye jamvi, akaingia chini yake, akajikunja humo, na darasa zima likasikia analia. Hakulia kama mtoto aliyenyimwa kitu. Alilia kama walivyolia watu wazima siku ile ya mazishi, siku ambayo yeye alitazama ukuta.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mwalimu mmoja mgeni alisogea, Gwantwa akamshika mkono. Bibi Sekela aliingia hatua moja, akasimama. Orida mwenyewe hakujua kama ameponya au ameua. Alitambaa tu mpaka kando ya jamvi, akalala chini, shavu sakafuni, akangoja.

Kilio kikapungua. Halafu, kutoka chini ya jamvi, ile sauti ndogo.

"Mwalimu."

"Nipo."

"Kwa hiyo mama nisimfukue?"

"Usimfukue, mwanangu."

"Nimwache?"

"Mwache apumzike."

Kisha jamvi likatikisika. Kichwa kikatoka, uso umelowa machozi na kamasi. Tulinagwe akaanza kutambaa. Aliyekuwa kaa akasahau kumkamata. Aliyekuwa ndege akajisogeza pembeni. Akatambaa, kidole chake kilichofungwa kikiburutika sakafuni, taratibu, hamtazami mtu, mpaka akaweka mikono miwili juu ya kitenge cha bluu. Lusajo, ambaye bado alikuwa amesimama hapo baharini hajui kazi yake ni ipi, akasogea kumpisha.

Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, bila kupigiwa makofi.

Afisa Elimu Kata aliondoka mapema. Mlangoni alimwambia Orida, "Sijui niseme nini, mwalimu," akaenda zake. Mwalimu Mkuu hakumsemesha Orida kwa siku kadhaa. Hata Gwantwa alimwambia angeweza kutafuta njia ya upole zaidi. Orida hakubishana naye. Usiku na mchana alijiuliza, hakupata uhakika.

Lakini nyuma ya ile nyumba udongo haukuguswa tena. Bibi Sekela alipanda maua juu yake, na mjukuu wake ndiye aliyemshikia mche.

Asubuhi moja Tulinagwe alimfuata Orida mezani, akasimama mpaka alipoonekana.

"Mwalimu, kitoto cha kasa kikishafika baharini kinakula nini? Hakuna wa kukionyesha."

Orida alikuwa na jibu zuri tayari mdomoni, la kumfurahisha mtoto. Akalirudisha.

"Sijui," alisema. "Nitauliza, halafu nitakwambia."

Mtoto akamtazama machoni, muda mrefu kama ile siku nyingine. Safari hii mwalimu hakugeuza uso.

"Sawa," alisema Tulinagwe, akarudi kwenye nafasi yake kunywa uji.

Funzo: Usiharakishe kumfariji mtoto kwa uongo mtamu kabla hujamuuliza yeye mwenyewe ameelewa nini, huenda ukweli unaouogopa wewe ndio aliokwisha kuusimamia, na ukimwondolea huo, hata huruma yako haitamshika asianguke.